Mwalimu, hizo nazo ni salamu za watu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu mwalimu mstaafu wa Kiingereza aliyeandika katika ukurasa huu wa barua kulalamikia salamu za mjukuu wake. Alisema kijana anasoma Leeds, na siku hizi akipiga simu nyumbani haanzi tena na "Good morning" bali "Ey up", na akiulizwa hali anajibu "Not bad". Mwalimu akahitimisha kwamba ada yote ile imekwenda kununua Kiingereza cha vijiweni, na kwamba vijana wetu wakifika Ulaya wanaokota uhuni kwanza, elimu baadaye.

Shikamoo Mwalimu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na nakujibu kwa heshima ya mtu aliyefundishwa Kiingereza chake cha kwanza na walimu wa rika lako, darasani Muheza, mkoani Tanga, wanafunzi tumesimama wima: "Good morning, teacher. We are fine, thank you, teacher." Mimi ni muuguzi. Nafanya kazi ya kutibu wagonjwa majumbani kaskazini mwa mkoa wa Derbyshire, Uingereza, katika vitongoji vinavyouzunguka mji wa Chesterfield. Kutoka hapa hadi Leeds aliko mjukuu wako si mbali. Kazi yangu ni kugonga milango ya watu, wengi wao wazee, kufunga vidonda, kuchoma sindano za insulini, kubadilisha mipira ya mkojo. Kila mlango unafunguliwa kwa salamu, na mara nyingi salamu yenyewe ni hiyo iliyokukera.

Nianze na umri wa neno lenyewe, maana umeliita la vijana. "Ey up" ni salamu ya Derbyshire, Yorkshire, Nottinghamshire na Staffordshire, na wanaonisalimia kwayo kila siku ni watu wa miaka themanini na zaidi. Wengi walikuwa wachimbaji wa makaa ya mawe au wake wa wachimbaji. Migodi ya huku ilifungwa mmoja baada ya mwingine baada ya ule mgomo mkubwa wa mwaka 1984 hadi 1985, lakini maneno ya mgodini yamebaki midomoni. Wanaume walisalimiana "Ey up" alfajiri wakisubiri lifti ya kuwashusha chini ya ardhi, na safari hiyo haikuwa ya mchezo. Katika mgodi wa Markham, hapa hapa jirani, chuma cha breki ya lifti kilikatika mwaka 1973 na watu 18 wakafa. Kabla ya hapo, mwaka 1938, mlipuko katika mgodi huo huo uliua 79. Neno ambalo watu waliagana na kupokeana nalo kwenye mdomo wa shimo la namna hiyo, mimi siwezi kuliita la kihuni.

Mara nyingi linafuatwa na "duck", yaani bata: "Ey up, me duck." Anaambiwa mwanamke, anaambiwa mwanamume, mtoto wa shule, dereva wa basi, daktari bingwa. Nimemsikia babu wa miaka tisini akimwambia fundi bomba mwenye ndevu kifuani, na hakuna aliyegeuka kutazama. Hakuna mahaba ndani yake wala dharau. Ni namna ya kumwambia mtu kwamba nimekuona na sina neno baya nawe.

Sasa nikupeleke kwenye nyumba moja, bila kumtaja mwenyewe. Ni mzee anayeishi peke yake, kidonda chake kiko juu kidogo ya kifundo cha mguu wa kushoto. Ukutani pembeni ya mlango kuna kisanduku cha ufunguo. Nabonyeza namba, nachukua ufunguo, naingia. Kabla sijafika sebuleni namsikia: "Ey up, duck." Nami najibu, "Ey up. You all right?" Naye huja na jibu lake la siku zote: "Fair to middlin'." Maana yake mambo yanakwenda, si ya kufurahisha sana wala si ya kusikitisha. Hapo naweka ndoo yenye mfuko wa plastiki ndani, namimina maji ya uvuguvugu, nafungua bandeji za juzi, naosha mguu, nakagua kidonda, kisha nafunga upya kutoka vidoleni kupanda hadi chini ya goti, tabaka juu ya tabaka, kwa mkazo uliopimwa. Muda wote huo tunazungumza mpira na hali ya hewa.

Asubuhi moja niliingia, nikauliza vile vile, akajibu: "Nobbut middlin', duck."

Kwa mtu anayesikiliza kwa juu juu, mzee amesema jambo lile lile. Lakini kwa lugha ya huku hiyo ni taarifa ya ugonjwa. "Middlin'" ikitanguliwa na "fair" inamaanisha hajambo. Ikitanguliwa na "nobbut" inamaanisha hali imeshuka, ila mwenyewe hataki kukusumbua. Nilipiga magoti pale pale nikamuuliza kwa Kiingereza cha darasani kama ana maumivu mahali. Akasema hapana, yuko sawa. Nikamuuliza kama amelala vizuri. Akasema ndiyo, bila wasiwasi. Ningefuata majibu hayo ningefunga bandeji na kuondoka. Badala yake nilipima joto, nikaona limepanda. Nikafungua bandeji na kukuta ngozi imekuwa nyekundu na ya moto kutoka kwenye kidonda hadi karibu na goti. Maambukizi yalikuwa yameanza kupanda. Nikampigia daktari simu nikiwa bado nimechuchumaa, na dawa za antibayotiki zikaanza siku ile ile.

Mzee yule hakusema "naumwa" hata mara moja. Aliusema ugonjwa wake kwenye salamu, kisha akaukana kwenye mahojiano.

Yapo mengine ya aina hiyo ambayo muuguzi wa huku asipoyajua anaweza kumpoteza mtu. Mgonjwa akikwambia "I'm badly", hajisifu kwa ubaya wala hajakosea sarufi, anasema anaumwa. "Poorly" ni kuumwa pia, na jamaa zake wakikunong'oneza mlangoni kwamba ni "proper poorly", fanya haraka, kwa kuwa hawatasema zaidi ya hapo. Watu hawa wamelelewa kutolalamika. Ukimuuliza mmoja wao anaendeleaje, "Mustn't grumble" ndilo jibu lake, kwamba haifai kunung'unika, na anaweza kukuambia hivyo akiwa ameshika mbavu.

Na hapa ndipo hoja yangu ilipo, Mwalimu. Mtu aliyelelewa kwa Kiswahili ana sikio la mambo haya kuliko watu wengi ninaofanya nao kazi. Fikiria unavyofika kwa jirani. Hodi. Karibu. Habari za hapa? Nzuri. Watoto hawajambo? Hawajambo. Za tangu juzi? Salama tu. Halafu baada ya kukaa, baada ya maji ya kunywa, ndipo unasikia: "Salama, ila mama tumemlaza hospitali ya Bombo tangu jana." Hakuna aliyedanganya alipojibu "nzuri" mara tatu. Adabu inataka uzima utajwe kwanza, shida ifuate. Na sisi tunaokua ndani ya adabu hiyo tunajifunza kusikia shida kabla haijatajwa, kwa jinsi ile "nzuri" ilivyotoka: imeburutwa, imefupishwa, imekuja na pumzi. Mama yangu alikuwa akirudi kutoka kisimani na kusema, "Kwa fulani kuna jambo," na ukimuuliza amejuaje, alikuwa na jibu moja tu: "Kaitika vibaya."

Uwezo huo ndio ninaoutumia Derbyshire. Niliuleta kutoka nyumbani, na hakuna cheti kinachoutaja.

Lakini ili uutumie, lazima kwanza uijue salamu ya mahali ulipo na itikio lake. Hili ndilo vijana wetu hawapewi. Wanakuja wauguzi wazuri sana kutoka kwetu na kwa majirani zetu Kenya. Wamefaulu mtihani wa Kiingereza wa IELTS kwa alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, maana bila hizo baraza la wauguzi la Uingereza haliwasajili kwa njia hiyo ya mtihani. Wamekesha na msamiati wa moyo, mapafu na figo. Kisha siku ya kwanza kazini mtu anapishana nao kwenye korido na kuwarushia "You all right?" bila kupunguza mwendo, na wao wanasimama. Binti mmoja kutoka Moshi, niliyepewa nimwelekeze, alikuja kwangu siku yake ya tatu akiwa ameumia kweli. Alidhani uso wake unaonekana mgonjwa, kwa kuwa kila aliyepita alimuuliza kama yuko sawa. Na pale alipoanza kumweleza mmoja wao kwamba hakulala vizuri, chumba kina baridi, yule mtu alikuwa tayari ameshafika mlango wa pili. Binti akaona amedharauliwa. Na huyo mwenzake, kwa upande wake, akawaambia wengine kwamba mgeni ni mkimya, hasalimii.

Unaona jinsi watu wawili wenye nia njema wanavyoweza kukoseana adabu kwa sekunde tatu? Nilimkalisha jikoni kwa wauguzi nikamwambia: hiyo ni "Mambo?" Itikio lake ni "Yeah, you?" na wewe usisimame. Mtu akikuambia "Mambo?" pale stendi ya Moshi, humwelezi habari za chumba chako, unasema "Poa" na maisha yanaendelea. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu afike. Kesho yake niliwasikia kwa mbali wakirushiana: "Y'all right?" "Yeah, you?" Ikawa imekwisha. Hatukuhitaji semina. Nikamwongezea kwamba muuzaji dukani akikuuliza "You all right there?" hapo anataka kujua kama akusaidie kitu, na jibu ni kusema unachotafuta au kumshukuru kwamba unatazama tu.

Yapo makundi ya simu ya wauguzi wa Kitanzania walioko Uingereza, na katika kundi langu salamu ni mazungumzo yasiyokwisha, maana kila mmoja yuko kwa watu wake. Dada yetu aliyeko Aberdeen, kaskazini-mashariki mwa Uskoti, alitutumia sauti ya mgonjwa wake baada ya kuomba ruhusa. Huko hawaulizi "How are you", wanauliza "Fit like?" Na wakiwa na furaha wanauliza "Foos yer doos?", yaani njiwa wako hawajambo? Itikio lake halibadiliki: "Aye peckin'", bado wanadonoa. Hakuna njiwa. Muulizaji hafugi, muulizwa hafugi. Lakini dada huyo anasema siku alipoitikia "Aye peckin'" kwa mara ya kwanza wodini, bibi aliyekuwa hazungumzi na muuguzi yeyote alimshika mkono akauliza ametoka wapi, mama yake yu hai, na ana watoto wangapi. Wiki nzima kabla ya hapo alikuwa akigeukia ukuta.

Mimi naliamini jambo hilo bila kushangaa. Ni salamu iliyo na kiitikio chake maalumu, na sisi tumekulia humo. Unamwambia mkubwa "Shikamoo", anajibu "Marahaba". Hakuna anayetafuta jibu lingine wala anayepima ukweli wake. Anayejua itikio ni mwenzetu.

Bristol ni kugumu zaidi kwa watu wa kwetu, na hili lazima nilieleze vizuri. Huko mtu anaweza kukusalimia "All right, my lover?", yaani hujambo, mpenzi wangu, na akawa ni mama wa makamo anayekuuzia mkate. Kijana mmoja anayehudumia wazee huko, mlokole, mwenye mchumba Dodoma, alinipigia simu usiku akiwa amechanganyikiwa kwa sababu mwajiri wake wa kike alimwambia hivyo mbele za watu. Nilimuuliza: alikugusa? Hapana. Alimwambia mwingine yeyote maneno hayo hayo? Akafikiri, akasema ndiyo, alimwambia hata mzee wa posta. Basi, nikamwambia, hiyo ni salamu ya kule magharibi, huambiwa kila mtu. Lakini nikamwambia na upande wa pili pia. Siku mtu akikuambia neno ambalo hawaambii wengine, au akakusogelea kwa namna asiyowasogelea wengine, usimezee kwa kudhani ni utamaduni. Anayejua la kawaida la mahali ndiye anayeweza kulitambua lisilo la kawaida na kulishtaki. Vijana wetu wa kike hasa wanahitaji kuelezwa hili kabla ya kupanda ndege.

Newcastle utaitwa "pet". Liverpool wanaume wataitana "la". Kule Black Country, magharibi mwa Birmingham, utaulizwa "Ow bin ya?" na mwenye furaha atajibu "Bostin'", yaani safi sana. Belfast watakukatia "Bout ye?" na kote Ireland watakuuliza "What's the craic?" wakitaka kujua habari za mjini, si siri zako. Walioko Australia wanasema huko ni "How ya goin'?" na usijibu unakwenda kwa basi. Marekani nako kila mji una yake, New Orleans wanauliza "Where y'at?", yaani uko wapi, ilhali wanakuona umesimama mbele yao.

Na wodini kwetu Kiingereza hakitoki kwa Waingereza peke yao. Wenzetu kutoka Nigeria wako wengi, na wao kwa wao ni "How far?" na jibu "I dey". Wa Afrika Kusini wana "Howzit". Mgonjwa mzee wa Kijamaika akimwona muuguzi mweusi anayemfurahia atamwambia "Wah gwaan", na salamu hiyo ina historia ambayo muuguzi yeyote wa Kiafrika anapaswa kuijua. Meli ya Empire Windrush ilitia nanga Tilbury mwezi Juni 1948 ikiwa na mamia ya watu kutoka visiwa vya Karibi. Huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, hii ninayoifanyia kazi, ilizinduliwa tarehe 5 Julai mwaka ule ule. Wanawake wengi wa Karibi waliokuja katika miaka iliyofuata ndio waliovaa sare za uuguzi na kuusukuma mzigo wa hospitali hizi. Salamu yao walikuja nayo. Leo vijana wa London wa kila rangi, wazazi wao wakiwa Waturuki, Wasomali au Waingereza wa asili, wanasalimiana "Wagwan". Neno la watu waliokuwa wakinyimwa vyumba vya kupanga limekuwa salamu ya jiji zima. Ukilisikia kwa mjukuu wako, Mwalimu, naomba usiliite takataka.

Najua utaniuliza kuhusu Kiingereza sanifu, na ni swali la haki kutoka kwa mtu aliyekisimamia maisha yake yote. Sanifu kinahitajika. Nikiandika ripoti ya mgonjwa siandiki "nobbut middlin'" peke yake; naandika joto, mapigo, ukubwa wa kidonda kwa sentimita, na nikinukuu maneno ya mgonjwa naeleza maana yake ili daktari wa zamu ya usiku asipotee. Kwenye usaili wa kazi hakuna anayeingia na "Ey up". Mjukuu wako anapoandika tasnifu yake ataandika kama ulivyofundisha. Lakini sanifu hakijawahi kuwa lugha yote. "Wotcher", ambayo wazee wa London walikuwa wakisalimiana na wengine bado wanasalimiana, inatokana na "What cheer", na hiyo iko katika kinywa cha baharia kwenye mistari ya mwanzo kabisa ya The Tempest ya Shakespeare, mchezo ulioonyeshwa mbele ya mfalme mwaka 1611. Nahodha anaita, naye anaitika, "Here, master: what cheer?" Sisi wanafunzi tulifundishwa kumheshimu Shakespeare. Mabaharia wake walisalimiana kwa lugha ya mabaharia.

Ipo mipaka ambayo mimi mwenyewe nimejiwekea, na ninawafundisha wanaokuja nyuma yangu. Kuitikia ni lazima. Kuanza ni hiari. Mzee akinisalimia kwa lugha yake namwitikia kwa lugha yake, kwa sauti yangu, bila kuigiza lafudhi, kwa sababu kuigiza lafudhi ya mtu mbele yake kunakaribia sana kumkejeli. Simwanzi mtu mzima nisiyemjua kwa "Ey up". Namwanza kwa "Good morning" na jina la heshima, kisha namsubiri anifungulie mwenyewe. Huku mtoto wa miaka sita anaweza kumwambia babu yake "Ey up" na babu akafurahi. Mimi nimelelewa vingine na sioni sababu ya kujivua malezi yangu. Mpaka leo kuna wagonjwa wangu ambao sijawahi kuwaita "duck", ingawa wao wananiita hivyo kila juma. Mdomo wangu haukubali kumwita mtu wa umri wa bibi yangu jina la ndege, na hawajawahi kunilaumu.

Kwa sababu hiyo, Mwalimu, kuna jambo moja ambalo niko upande wako kabisa. Mjukuu akimpigia babu yake simu Tanzania, salamu ya kwanza ni shikamoo. Haijalishi amesoma wapi. Si "Ey up", na kwa kweli si "Good morning" pia, maana hata hiyo haikupi heshima unayostahili kutoka kwake. Mwambie. Atakuelewa, kama alivyoelewa Leeds kwamba anayepita bila kusema "Ey up" anaonekana ana majivuno. Kijana anayejua salamu ya kila mlango ana akili, na akisahau ya kwao akumbushwe na wa kwao.

Ninachokiomba kwa nguvu zaidi nakielekeza kwa wanaoendesha madarasa ya kuwaandaa wauguzi na wanafunzi wanaokwenda nje, iwe Dar es Salaam, Arusha au Moshi. Tangu Julai 2025 Uingereza imeacha kuajiri wahudumu wapya wa malezi ya wazee moja kwa moja kutoka nje, lakini wauguzi waliosajiliwa na wanafunzi bado wanakuja, na wengi wamelipa pesa nzito kuandaliwa. Nimeyaona madaftari yao. Salamu inapewa nusu ukurasa, na nusu ukurasa huo ni ule ule tuliousoma Muheza: "How are you? I am fine, thank you. And you?" Hakuna kosa ndani yake. Tatizo ni kwamba mtu anaweza kukaa Chesterfield mwaka mzima asisalimiwe hivyo na mtu yeyote isipokuwa benki.

Haigharimu kitu kurekebisha hili. Mwanafunzi akishapata barua ya kazi, mwulizeni ni mji gani. Si nchi, ni mji. Kisha mtafuteni Mtanzania mmoja aliyeko kwenye mji huo, na yuko, awatumie sauti za watu wa pale wakisalimiana, kwa ruhusa yao: dukani, kwenye basi, wodini, kanisani. Wanafunzi wasikilize, waitikie kwa sauti, wabadilishane, mpaka itikio litoke bila kufikiri. Wafundishwe pia kusikiliza siku itikio linapobadilika, kwa kuwa wanakwenda kukaa na wagonjwa. Anayekwenda Aberdeen ajue njiwa. Anayekwenda Bristol aambiwe mapema, na mchumba wake aambiwe pia. Anayekuja huku kwetu, mimi nitamrekodia mwenyewe. Tayari ninazo sauti za majirani zangu watatu na za mwanamke anayeuza magazeti pale kona, waliokubali kwa furaha walipojua zinakwenda Tanga.

Mhariri, jina langu na namba yangu ya simu unavyo. Mwalimu akivitaka, au mkuu wa chuo chochote akivitaka, mpe bila kuniuliza. Zamu yangu inaisha saa kumi na moja jioni kwa saa za huku, na baada ya hapo napokea simu.

Muuguzi wa majumbani,
Chesterfield, Derbyshire, Uingereza
(Jina limehifadhiwa)